Ukitaka Habari za Mtu, Muulize Gari la Baba Yake

Katika mji mdogo ninakofanya kazi, ulio kati ya Lansing na Flint katika jimbo la Michigan nchini Marekani, mzee wa miaka themanini hatakusimulia habari za baba yake hata ukae naye sebuleni mchana kutwa. Atakuambia kwamba baba alikuwa mtu mwema, kwamba alifanya kazi kiwandani, na hapo mazungumzo yataishia. Lakini ukimuuliza baba yake aliendesha gari gani, mzee huyo atakaa vizuri kitini, atataja mwaka, rangi na ukubwa wa injini, na kabla hujamaliza kikombe chako cha kahawa utakuwa umekwisha kujua baba alilipwa nini, aligombana na nani, alipunguzwa kazini mwaka gani, na ni mtoto yupi aliyelirithi gari hilo baba alipofariki. Hayo nimejifunza kwa kukaa miaka mingi nyuma ya kipaza sauti katika kipindi cha asubuhi cha kituo kidogo cha redio ya AM, yaani ya masafa ya kati, kwanza nikiwa mwandaaji anayepokea simu za wasikilizaji, baadaye nikiwa mtangazaji wa pili, na ninayaeleza hapa hasa kwa ajili ya wenzangu walio katika kazi ya utangazaji au wanaoitamani.

Inafaa kwanza mahali penyewe paeleweke. Lansing ndiko Ransom Olds alikoanzisha kampuni yake ya magari mwaka 1897, na magari yenye jina la Oldsmobile yakaendelea kutengenezwa huko mpaka mwezi wa Aprili 2004, lilipotoka kiwandani gari la mwisho likiwa na saini za wafanyakazi waliolitengeneza. Kwa muda wa zaidi ya karne moja jina hilo lilibandikwa kwenye magari zaidi ya milioni 35. Flint, iliyo umbali wa kama saa moja kutoka Lansing kwa barabara, ndiko William Durant alikoanzisha General Motors mwaka 1908, ndiko yalikotengenezwa magari ya Buick, na ndiko yalikoundwa magari 300 ya kwanza aina ya Corvette mwaka 1953. Ndiko pia wafanyakazi walikojifungia ndani ya viwanda tarehe 30 Desemba 1936 na kukataa kutoka kwa siku 44, mpaka kampuni ilipokubali kukitambua chama chao cha wafanyakazi. Mwaka 1978 General Motors ilikuwa imeajiri watu wapatao 80,000 katika eneo la Flint, na waliobaki leo ni sehemu ndogo sana ya idadi hiyo. Kwa hiyo mtu wa hapa anapozungumzia gari la zamani, asidhaniwe kuwa anazungumzia starehe za matajiri. Anazungumzia kitu kilichoundwa na mikono yake, au ya mama yake, au ya mjomba wake, na si ajabu akawa anajua hata ni zamu ipi iliyofunga bampa lake.

Kazi ya kipindi cha asubuhi yenyewe haina fahari ambayo watu huidhania. Kipindi chetu huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kumalizika saa tatu, maana yake ni kwamba naamka saa tisa usiku na kulala wakati watoto wa jirani bado wanacheza nje. Kituo chetu, sawa na vituo vingi vidogo vya AM nchini Marekani, hakiruhusiwi kurusha matangazo kwa nguvu kamili usiku, kwa sababu jua likishazama mawimbi ya AM husafiri mbali mno na yangeingilia vituo vya majimbo mengine. Wakati wa majira ya baridi, ambapo huku jua huchelewa kuchomoza mpaka saa mbili asubuhi, sehemu kubwa ya kipindi hurushwa kwa nguvu ndogo, na wakulima walio mbali na mnara hutusikia kwa kutega sikio. Sheria pia inatutaka kila saa inapotimia tutaje herufi za kituo na mji kilikopewa leseni. Kati ya hayo tunajaza taarifa ya habari, hali ya hewa, hali ya barabara, matokeo ya michezo ya shule za sekondari, matangazo ya vifo na mbwa waliopotea.

Asubuhi za theluji ndizo zinazopima kituo cha mahali. Wasimamizi wa shule huanza kutupigia simu kabla ya saa kumi na moja wakitueleza shule zipi zitafungwa, nasi tunasoma orodha nzima, wilaya moja baada ya nyingine, mara kadhaa. Siku hizi wazazi hupata ujumbe kwenye simu zao za mkononi, na bado wakisikia tumeiruka shule moja hutupigia kulalamika, kwa kuwa wamezoea kuusikia uamuzi huo ukisomwa na mtu wanayemjua sauti. Mtangazaji mkuu wa kipindi, mzee ambaye amefanya kazi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, ana kanuni moja juu ya orodha hiyo: jina la shule lisisomwe kwa haraka, hata kama shule ina wanafunzi hamsini tu.

Mwanzo wa habari za magari katika kipindi chetu ulikuwa ni kipengele cha soko, ambacho vituo vingi vya miji midogo ya Marekani vinacho kwa majina mbalimbali. Msikilizaji hupiga simu, hueleza anachouza au anachotafuta, hutaja bei na namba yake, kisha humpisha mwingine. Huuzwa majokofu, watoto wa mbwa, matairi ya trekta, magauni ya harusi yaliyovaliwa mara moja, na magari. Nilipokuwa mwandaaji nilianza kuona kwamba simu za friji huchukua nusu dakika, ilhali simu za magari hatuwezi kuzimaliza, na wasikilizaji wengine hupiga baadaye, wala si kwa kutaka kununua. Mmoja atauliza kama gari lililotajwa ni lile lililokuwa likiegeshwa mbele ya duka la dawa. Mwingine atasema alijifunzia udereva katika gari la namna hiyo. Mtangazaji mkuu akapendekeza magari yatengewe siku yake, kila Ijumaa baada ya taarifa ya habari ya saa moja, na mwenye kituo akakubali kwa sababu muuza matairi mmoja alikuwa tayari kulipia matangazo.

Hapo ndipo nilipoanza kumtazama mzee huyo kwa makini, maana alikuwa akiuliza maswali ambayo mimi, niliyefundishwa uandishi wa habari darasani, nisingeyafikiria. Hakuwahi kumuuliza mtu alijisikiaje kiwanda kilipofungwa. Aliuliza gari lilikuwa la rangi gani. Aliuliza viti vilikuwa vya kitambaa au vya plastiki, na kama vilikuwa vya plastiki, viliunguza mapaja siku za joto? Swali lake kubwa, ambalo nimeliiba na ninalitumia mpaka leo, lilikuwa hili: “Wewe ulikuwa ukikaa upande gani?” Anayeulizwa hivyo hulazimika kuwataja wote waliokuwa ndani ya gari, nani alikuwa dirishani, nani katikati, mtoto gani alikaa mbele kati ya baba na mama kwa sababu alikuwa akitapika njiani. Baada ya sentensi tatu familia nzima imo studioni. Swali la hisia humfanya mtu atafute jibu linalofaa kusemwa redioni. Kwa kiti cha gari jibu analo tayari, na hisia hujileta zenyewe kama zipo.

Nakumbuka simu ya mama mmoja mjane aliyepiga mwezi wa Machi akitaka kuuza Oldsmobile 88 ya mwaka 1957. Mtangazaji mkuu alimuuliza kama linawaka.

“Mume wangu alipokuwa hai lilikuwa linawaka,” akajibu.

“Rangi gani, bibi?”

“Kijani chini, nyeupe juu. Mlango wa abiria umebonyea. Niliubonyeza mimi mwaka 1961, kwenye ghala la mahindi, naye hakutaka uguswe.”

“Kwa nini hakutaka?”

“Alisema siku nitakayojifanya najua kuendesha gari kuliko yeye, atanionyesha mlango ule.” Akanyamaza. Mzee naye akanyamaza, kidole chake kikiwa mbali na kitufe chochote, na katika redio ya asubuhi sekunde tatu za kimya ni ndefu kuliko tangazo la biashara. “Miaka yote ile,” yule mama akasema, “hakunionyesha hata mara moja.”

Sidhani kuna mahojiano ya nusu saa juu ya ndoa ambayo yangetupa zaidi ya hayo. Nami niliyekuwa upande wa pili wa kioo, nikimsubirisha mpigaji simu aliyefuata, niliandika namba ya yule mama kwenye karatasi yangu mwenyewe, na gari hilo nikalinunua mimi kwa bei ambayo, kwa sababu ya mlango ule na kutu iliyokuwa imekula sakafu, haikumtisha mtu wa mshahara wangu.

Kutu ni habari ndefu huku. Mji wa Detroit umekaa juu ya mgodi wa chumvi, na kila majira ya baridi chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu, hivyo miji iliyoyatengeneza magari haya ndiyo hiyo hiyo inayoyala. Gari la 1957 lililosalia Michigan ama lilifichwa kila mwaka kuanzia Novemba, ama lilitoka Arizona, jimbo la jangwa. Langu lilikuwa limefichwa, lakini kwa uvivu.

Nilipompelekea fundi kijana wa mjini, mtu hodari ambaye magari ya kisasa huyasoma kwa kompyuta, alilizunguka gari lile kwa heshima kisha akasema wazi kwamba hajawahi kufungua kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Aliyenisaidia ni mzee mmoja Mkongomani kutoka Bukavu. Lansing imepokea wakimbizi wengi, wakiwemo Wakongomani, na mzee huyo alikuwa amefanya ufundi Kivu katika miaka ambayo kila gari lililopita mbele yake lilikuwa na kabureta. Aliinua boneti, akaitazama injini ile ya V8 yenye ujazo wa lita sita na zaidi, akacheka, akaniambia niwashe. Injini ikakohoa na kuzimika. Akaniambia nirudie huku ameweka sikio lake karibu. “Hii motokari haiko na ugonjwa, ndugu yangu,” akasema. “Iko inakosa pumzi tu.”

Tulikuta mipira ya mafuta imelainika mpaka inavunjika kwa kidole, kwa kuwa petroli ya Marekani siku hizi huchanganywa na ethanoli ambayo mipira ya wakati ule haikutengenezwa kuistahimili. Kabureta tuliifungua juu ya gazeti, tukaosha kila kitundu, na mzee akapanga skrubu kwa mpangilio alioutoa nazo ili asiulizwe na mtu. Kisha akafungua kifuniko cha distribyuta, kifaa kinachogawia plagi umeme, akanionyesha zile ncha mbili ndogo za chuma zinazogusana na kuachana injini inapozunguka, na kila zinapoachana plagi moja hupata cheche. Nafasi kati yake hupimwa kwa kipande chembamba cha chuma chenye unene wa takriban milimita 0.4. Ikizidi, injini hukosa nguvu ikienda kasi. Ikipungua, ncha huungua. Aliipitisha ile chuma, akaivuta taratibu, akatikisa kichwa, akakaza skrubu kwa kiasi ambacho jicho langu halikukiona, akaipitisha tena. Alikuwa akitafuta ukinzani mdogo sana, ambao hausikiki ila kwa vidole. Mara ya tatu akanipa mimi niivute, na hakuniruhusu kufunga kifuniko mpaka nami nilipouhisi.

Kuhusu breki nilikuwa mkali zaidi kuliko yeye. Gari hilo lina breki za ngoma magurudumu yote manne, na mfumo wa mafuta ya breki ni mmoja tu, hivyo bomba moja likivuja popote, pedali huzama mpaka chini na gari halisimami. Sheria ya Marekani ya kutaka mifumo miwili ilikuja muongo mmoja baadaye, na mikanda ya viti ikawa lazima kwa magari mapya kuanzia mwaka 1968. Nalisema hili kwa sababu wapenzi wa magari ya zamani huyasifu kwa uzito wa bati lake, wakidhani uzito ndio usalama. Usukani wa gari langu umeshikiliwa na mhimili wa chuma ulionyooka kuelekea kifua cha dereva, na hakuna uzuri wa kromu unaoweza kulifuta jambo hilo. Petroli ya siku hizo nayo ilikuwa na madini ya risasi, ambayo watoto wa miji hii waliivuta puani kwa miaka mingi mpaka matumizi yake barabarani yalipopigwa marufuku kabisa mwaka 1996. Nayapenda magari haya, na sitaki yarudi kuwa ndiyo magari ya kila mtu.

Kilichonifundisha utangazaji kuliko kitu kingine ndani ya gari lile ni redio yake. Ni redio ya AM peke yake, na ndani yake mna taa ndogo za kioo ambazo lazima zipate moto kwanza, hivyo ukiiwasha hukaa kimya kwa muda kabla ya sauti kuanza kupanda polepole. Siku ya mapumziko yangu nilikuwa nikiendesha huku nikiwasikiliza wenzangu, na kwa mara ya kwanza nikakisikia kipindi chetu kwa namna msikilizaji anavyokisikia. Sauti nyembamba za mwisho wa maneno hupotea. Injini hunguruma juu ya kila jambo linalosemwa kwa sauti ya chini. Muziki unaopigwa nyuma ya mtu anayetaja namba ya simu huimeza namba hiyo. Tangu siku hizo husema namba mara mbili, huondoa muziki wote chini ya matangazo ya vifo, na huandika sentensi zangu za habari ziwe fupi kuliko hizi unazozisoma sasa. Mwenye kituo alikuwa amelipia mafunzo ya mshauri aliyetoka mji mkubwa, ambaye alizungumza nasi siku nzima juu ya chapa na umri wa wasikilizaji, na hakutaja hata moja kati ya haya.

Kwenye kioo cha redio hiyo kuna pia vialama viwili vidogo vya pembetatu, kimoja kwenye kilohezi 640 na kingine kwenye 1240. Niliuliza hewani Ijumaa moja ni vya nini, na simu zikajaa mpaka tukaisogeza taarifa ya michezo. Wazee wakaeleza kwamba kuanzia mwaka 1953 hadi 1963 kila redio iliyouzwa Marekani ilitakiwa kuwa na alama hizo, kwa kuwa serikali ilipanga kwamba ndege za Urusi zikija na mabomu, vituo vyote vinyamaze, na maelekezo kwa wananchi yatolewe kwenye masafa hayo mawili tu, ili marubani wa adui wasiweze kuufuata mnara wa kituo chochote mpaka mjini. Mwanamke mmoja akasimulia jinsi walivyofundishwa shuleni kujificha chini ya madawati. Kaka yake mkubwa alimwambia kuwa dawati halizuii bomu, na kwa hiyo akawa akilala ndani ya gari la baba yake gereji, kwa kuwa ndimo zilimokuwa zile pembetatu, na mtu angemwambia la kufanya. Nilikuwa nimeuliza juu ya alama za redio tu.

Kipengele hiki kilinigeukia na mimi. Lafudhi yangu haifichiki, na wasikilizaji walikuwa wakiniuliza natoka wapi, nami nikijibu Tanga, Tanzania, jibu ambalo kwao halikuwa na mahali pa kukaa. Ijumaa moja mpigaji simu akaniuliza baba yangu aliendesha gari gani. Nikasema baba hakuwahi kumiliki gari, bali alikuwa dereva wa lori la Bedford katika shamba la mkonge karibu na Muheza, akibeba wakata mkonge alfajiri na robota jioni. Mtangazaji mkuu hakuniacha. Lori lilikuwa rangi gani? Nilikuwa nikikaa upande gani? Nikajikuta naeleza jinsi sisi watoto tulivyokatazwa kupanda, na jinsi baba alivyotupakia hata hivyo siku ya mwisho ya Ramadhani mpaka mtoni, nikakaa mimi dirishani kwa sababu ndiye niliyejua kufunga ule mlango usiofungika. Mambo hayo nilikuwa sijamsimulia hata mke wangu. Kuanzia wiki ile watu dukani walianza kuniita mtoto wa dereva wa lori, na wakaniuliza bei ya mkonge.

Kati ya simu zote, ile ninayoirudia kila ninapofundisha vijana wa kituoni ni ya mzee mmoja Mmarekani Mweusi kutoka Flint, mstaafu wa kiwanda cha Buick. Alikuwa na Buick Electra 225, gari lililopewa namba hiyo kwa urefu wake wa inchi 225, yaani karibu mita 5.7, na ambalo Wamarekani Weusi walilipenda sana na kulipa jina lao wenyewe la utani. Alianza kwa rangi, buluu ya usiku, akaendelea kwa injini. Mtangazaji mkuu akamuuliza kama aliwahi kufanya kazi penye injini hizo. Akasema hapana, alikuwa kwenye tanuri la kuyeyusha chuma, kwa kuwa baba yake aliwekwa huko, na zamani Mweusi aliyeajiriwa Buick aliwekwa tanurini au akapewa ufagio. Joto lilikuwa kali hata wakati wa theluji, alisema, na mkewe aliweza kujua alikuwa sehemu gani siku hiyo kwa vitundu vya moto kwenye shati. Chuma alichokimimina kilikwenda kuwa injini, na injini zilikwenda kwenye magari ambayo kwa miaka aliyaona yakipita mbele ya nyumba yake yakiendeshwa na wasimamizi wake. Aliponunua la kwake alilipeleka moja kwa moja mpaka kwenye lango la kiwanda, akaliegesha mahali ambapo zamu iliyokuwa ikitoka ingelazimika kulizunguka.

“Ulilizima?” mtangazaji mkuu akamuuliza.

“Sikulizima,” akasema. “Nilitaka waisikie.”

Mtangazaji wa haraka angekuwa amekwisha kumshukuru na kuendelea na hali ya hewa tangu aliposema inchi 225. Angeweza pia, na hili ndilo kosa la waliosoma, kumuuliza moja kwa moja kuhusu ubaguzi, na mzee yule, ambaye bila shaka amekwisha kuulizwa hivyo na watu wengi wenye daftari, angempa jibu lile lile alilowapa wengine. Swali la kama alizima injini lingeweza tu kuulizwa na mtu aliyekuwa akiliona gari lile akilini mwake wakati akisikiliza. Ndiyo maana nawaambia vijana wajifunze angalau magari kumi ya mji huu, mwaka, kiwanda na ubaya wa kila moja, kabla hawajagusa kipaza sauti siku ya Ijumaa. Hawawezi kuuliza swali la pili kama hawakuielewa hata nusu ya jibu la kwanza, na wapigaji simu wetu hugundua hilo upesi sana.

Sasa kuna ubishi mpya ambao umetuletea simu nyingi kuliko mapezi ya nyuma ya gari la Cadillac la 1959. Baadhi ya watengenezaji wameiondoa redio ya AM katika magari yao ya umeme, wakisema mota za umeme huleta kelele katika masafa hayo, na mwaka 2023 Ford ilitangaza kuwa itaiondoa katika magari yake mapya kisha ikabadili uamuzi baada ya malalamiko. Mwaka huo huo muswada uliwasilishwa katika Bunge la Marekani wa kutaka kila gari jipya liwe na AM, hoja kuu ikiwa ni matangazo ya dharura. Wasikilizaji wetu vijana wengi hutupata kwa intaneti au kwa mtambo mdogo wa FM unaorudia matangazo yetu, na hawaoni tatizo. Wazee wanaliona, na wanapiga simu wakiwa ndani ya magari hayo hayo wanayoyalalamikia.

Mwenye kituo ameamua kwamba Ijumaa zijazo tuanze kuyaita magari ya jimbo la jirani la Indiana, kwa kuwa wasikilizaji wa South Bend wanaotufuata kwa intaneti wamechoka kusikia Oldsmobile na Buick, na wanadai kwamba hakuna mji uliowahi kuipenda kampuni yake jinsi wao walivyoipenda Studebaker, iliyofunga kiwanda chake huko Desemba 1963. Nimekwisha kuanza kusoma habari za injini zake. Mtangazaji mkuu anasema niache injini, nianze na viti.